Meza Kwenye Kona ya Ngazi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Karibuni tukae pamoja tumkumbuke mtu. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama umesimama, tafuta pa kukaa, hata kwenye ngazi patafaa. Tena leo kwenye ngazi ndipo penyewe, na mtanielewa baada ya muda mfupi.

Amefariki Mama Ngazi. Ndiyo, Mama Ngazi mwenyewe. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, mume wake akiwa amemshika mkono na watoto wake pacha wakiwa pembeni. Tumemzika Ijumaa. Wale mnaofika kwenye lile jengo la serikali la ghorofa nne, lenye rangi ya maziwa yaliyoungua, mlimfahamu. Alikuwa mkuu wa ajira pale kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyesimamia nani anaingia serikalini kufanya kazi na nani anabaki nje. Nyumbani aliitwa Mama Pacha. Kazini aliitwa Mama Ngazi.

Jina hilo lina maelezo mengi mitaani. Wapo wanaosema aliitwa hivyo kwa sababu alipanda vyeo haraka haraka. Mume wake, fundi rangi mstaafu, akisikia hivyo anacheka mpaka anashika mbavu. "Kupanda haraka? Mke wangu? Jina lile alilipata kwa kukataa kupanda."

Basi sikilizeni ilivyokuwa.

Wakati huo alikuwa karani tu, karani mdogo kwenye ofisi ya ajira. Ofisi ya ajira ilikuwa juu kabisa, ghorofa ya nne. Lifti haikuwepo. Na yeye alikuwa na mimba ya pacha. Mwanzoni alipanda. Alikuwa anapumzika kila kona, anashika ukuta, anawatukana wajenzi kimoyomoyo. Lakini mimba ilikua. Ikafika mahali hata viatu vyake mwenyewe havioni. Asubuhi moja alifika kwenye kona ya kwanza, kile kibaraza kidogo pale ngazi zinapogeuka, na miguu ikasema hapana. Akakaa chini.

Mtu mwingine angelia. Mwingine angerudi nyumbani. Yeye alimwomba mhudumu amletee makaratasi yake kutoka juu. Kisha akaletewa kigoda. Kisha, sijui alimbembeleza nani, ikaja na meza. Kufika adhuhuri Mama alikuwa na ofisi kamili kwenye kona ya ngazi, na watu wanampita wakijibana ukutani, samahani mama, samahani mama.

Mkurugenzi alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka, tai yake ikipepea mbele kama inamwongoza njia. Siku hiyo alishuka mbio na kidogo aiangukie ile meza.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ofisi ya ajira, Mkurugenzi. Tawi la chini."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Hilo niliseme mapema, maana hata Mama mwenyewe alikuwa anamtetea. Aliinama, akamwambia kwa upole kabisa: "Mama, nakuonea huruma. Rudi nyumbani upumzike. Ngazi zitakusumbua."

Wasikilizaji wapendwa, yashikeni maneno hayo. Nakuonea huruma. Ngazi zitakusumbua. Tutakutana nayo tena, na safari hiyo hayatatoka kwa Mkurugenzi.

Mama alimjibu: "Kazi inaendelea, Mkurugenzi. Iliyogoma ni miguu, mikono haijagoma." Akaendelea kuandika.

Na hapo kwenye kona ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona akiwa juu.

Ilikuwa siku ya usaili, yaani yale mahojiano ya kazi. Usaili ulifanyika ghorofa ya nne. Utaratibu wake mnaujua. Karani anasimama mlangoni, anaita jina. Mtu akiitika, anaingia. Asipoitika, karani anageuka na kuwaambia waliokaa ndani: "Hajafika. Anayefuata." Kazi hiyo ya kuita, Mama aliifanya mwenyewe kwa miaka. Hajafika, anayefuata. Hajafika, anayefuata. Alisema hivyo bila kufikiri, kama mtu anayefukuza nzi.

Sasa yuko chini. Akamwona bwana mmoja anayetembea kwa magongo. Suti imepigwa pasi, viatu vinang'aa, vyeti viko ndani ya bahasha, na bahasha kaibana kwapani. Akapanda mpaka kwenye kona. Jasho linamtoka. Akainua macho akaziona ngazi zilizobaki. Akamsalimia Mama kwa heshima zote, akageuka, akaanza kushuka.

Akaja dada mmoja, mtoto mgongoni. Watu wawili waliokuwa wanashuka wakamwambia, "Dada, umepotea, huku si kliniki." Wakacheka. Dada akasimama kidogo, akarekebisha kitambaa cha mtoto, naye akashuka.

Akaja kijana, mzima wa viungo vyote, ila lafudhi yake ni ya watu wa milimani. Alipouliza njia, makarani wawili wakarudia swali lake kwa kumwigiza, wakipindisha midomo. Kijana akatabasamu, akasema asante. Hakupanda tena.

Na kutoka juu, sauti ikawa inashuka. "Hajafika! Anayefuata!"

Binti yake, pacha mkubwa, ametusimulia kwamba mama yao alilirudia tukio hilo mara nyingi. "Alikuwa anatuambia, 'Wanangu, yule bwana alifika. Mimi nilimwona kwa macho yangu. Alifika na suti ya pasi. Sisi ndio tulisema hajafika.'"

Mama alijifungua salama, akarudi kazini, akarudi ghorofa ya nne. Lakini hakurudi yule yule. Alianza kuwatazama wenzake wa kule juu. Siku moja kwenye kikao akasema wazi: "Hebu tutazamane. Tumesoma shule zile zile. Tunaongea lafudhi ile ile. Wote tunapanda ngazi bila kuhema. Tunafanana mpaka kikohozi. Hii serikali ni ya watu wote, mbona humu ndani ni ya aina moja ya watu?" Watu wakakohoa. Wakasikia kweli vikohozi vinafanana.

Alipokuja kuwa mkuu wa ajira, amri yake ya kwanza ilikuwa kushusha usaili. Kuushusha kabisa, mpaka chini. Mkurugenzi akamwambia chini hakuna chumba, kuna stoo ya viti vibovu. Mama akasema stoo ina mlango mpana kuliko milango yote ya jengo, alishaupima kwa mikono yake. Wakabishana wiki nzima. Mwisho Mkurugenzi akachoka. Ukibishana na Mama Ngazi ulikuwa unachoka wewe, yeye ndiyo kwanza anavuta kiti.

Stoo ikasafishwa. Mume wake akaja kuipaka rangi. Usaili ukafanyika chini, na watu wakafika. Wakafika wale wa magongo, wenye watoto mgongoni, na wa lafudhi za kila upande. Alikuja mwanamke aliyeomba kazi ya kuendesha lori la serikali, ambaye sasa wote tunamwita Dada Gia. Ijumaa makaburini Dada Gia alitusimulia usaili wake. Mzee mmoja kwenye jopo alimwuliza, "Ukisafiri na lori siku tatu, nyumbani nani atapika?" Kabla hajajibu, Mama akadakia kutoka upande wa pili wa meza: "Leo tunatafuta dereva. Anayetafuta mpishi atangaze nafasi yake." Dada Gia alipata kazi. Ijumaa ndiye aliyeendesha gari lililombeba Mama, na aliliendesha polepole mno, mpaka pacha mdogo akamwambia, "Shangazi, mama angeshakugombeza."

Na siku hizo za mwanzo ndipo alipokuja Bwana Halo.

Bwana Halo haoni. Hajawahi kuona tangu utoto. Alikuja na fimbo yake nyeupe na shahada ya sheria, na Mama akafurahi kupita kiasi. Akampa kazi siku hiyo hiyo. Akampa kazi ya kupokea simu. Msiniulize kwa nini mwanasheria anapewa simu. Wakati ule kila asiyeona alipewa simu, na hakuna aliyejiuliza, na Mama naye hakujiuliza. Basi Bwana Halo akapokea simu, na akaipokea kwa namna yake: "Halo, serikali inakusikiliza." Alikuwa na sauti nzito, tulivu, ya kumfanya mtu akae chini. Nawajua watu waliokuwa wanapiga simu serikalini bila shida yoyote, ili wasikie tu kwamba wanasikilizwa.

Mama akawapenda watu wake. Akawapenda kama vifaranga. Ile stoo akaigeuza kuwa ofisi yao. Bwana Halo na simu yake pale. Bwana wa magongo, yule wa suti ya pasi, pale. Dada mmoja asiyesikia, anayegonga mihuri, pale dirishani penye mwanga. Akawatafutia viti vizuri kuliko vya Mkurugenzi. Feni mbili. Jengo zima likapaita Chumba cha Mama. Wageni wa serikali wakija, wanapelekwa Chumba cha Mama kupiga picha. Na Mama anasimama mlangoni, kidevu juu, anang'aa kama mama anayemwoza binti yake.

Miaka ikapita hivyo. Mpaka nafasi ya afisa malalamiko ikatangazwa.

Afisa malalamiko anakaa ghorofa ya tatu. Ndiye anayewasikiliza wananchi waliodhulumiwa, anaandika, anafuatilia, anawabana wakubwa. Kazi ya mwanasheria. Kazi ya mtu mwenye masikio na subira. Bwana Halo aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini ili aitwe kwenye usaili, ilibidi mkuu wake akubali kwanza. Na mkuu wake ni Mama Ngazi.

Akaenda kwake. Akaeleza. Mama akamsikiliza, akamshika bega, akamwambia kwa upole kabisa: "Baba, nakuonea huruma. Baki hapa chini kwetu. Huko juu ngazi zitakusumbua."

Mmesikia, wasikilizaji wapendwa?

Bwana Halo ametuambia mwenyewe kwamba hakujua acheke au alie. Kisha akasema: "Mama, yasiyoona ni macho. Miguu yangu mizima. Mimi nakimbia ngazi kuliko wewe."

Bwana Halo akaendelea, taratibu, kwa ile sauti yake ya simu. "Umetuingiza, na sitakusahau kwa hilo. Lakini angalia wote umetuweka wapi. Wakubwa wakiulizwa kama wana watu wa namna yetu, wanasema wapo, wako chini. Wakishasema hivyo wameridhika. Hakuna mtu wa kwetu ghorofa ya kwanza. Ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Kampuni moja ya mawakili imeniita, Mama. Mwisho wa mwezi naondoka."

Hapo ndipo Mama alipobanwa. Akiondoka Bwana Halo, anampoteza mtu aliyempenda kama mwanawe wa kumzaa. Tena alijua fika maneno yatakayosemwa ghorofani. Mnaona? Hawa hawadumu. Mlango aliousukuma miaka yote hiyo ungerudishwa polepole, bila hata kelele.

Jumamosi alimkuta mumewe anapaka rangi mlango wa jikoni. Akamweleza yote, akilalamika. Amemlea yule kijana. Amempa kiti kizuri. Anamwogopea tu asianguke. Fundi rangi aliendelea kupaka, juu chini, juu chini. Kisha akasema bila kugeuka: "Mama Pacha, yule Mkurugenzi siku ile kwenye ngazi alikuambia nini?"

"Kwamba nirudi nyumbani."

"Kwa sababu gani?"

Mzee anasema mke wake alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akashika mashavu, na chozi likamtoka. "Nilitaka nimbembeleze, lakini mikono yote miwili ina rangi. Basi nikakaa naye hivyo hivyo, nimeinyoosha mikono hewani kama mtu aliyekamatwa na polisi." Akacheka alipotuambia hivyo. Kisha akalia, na sisi tuliokuwa na kipaza sauti tukakizima kwa muda.

Jumatatu Mama aliingia Chumba cha Mama na kuwaambia watu wake kwamba amekosea. Chumba kinafungwa. Kila mtu anakwenda kwenye idara ambayo kazi yake ipo, ghorofa yoyote itakayokuwa. Na bwana wa magongo? Idara yake ndiyo itashuka, itamfuata yeye. Bwana Halo akakubaliwa kwenda kwenye usaili.

Mkidhani walimpigia makofi, hamuwajui watu wa maofisini. Wengine walinuna. Yule dada wa mihuri aligonga meza ili wamtazame, akasema kwa mikono, na Bwana wa magongo akatafsiri: "Hapa tunaelewana. Huko juu nitaongea na nani?"

Lilikuwa swali la haki. Mama alikaa nalo siku kadhaa. Kisha akatoa masharti mapya. Idara haitampokea dada wa mihuri mpaka watu wake wajifunze kuongea naye. Kila asubuhi, kabla ya kazi, somo. Mwalimu ni dada mwenyewe. Na mwanafunzi wa kwanza akawa Mkurugenzi, maana Mama alimwambia kichwa kikishuka, mwili utafuata. Mkurugenzi vidole vilikuwa vigumu kama mbao. Kila asubuhi alidhani anamwamkia mwalimu wake, kumbe anamwambia ana njaa. Dada alivumilia mwezi mzima. Mwisho akamletea mkate.

Na Bwana Halo? Alifanya usaili mbele ya watu watano na akaipata kazi ya afisa malalamiko. Siku ya kwanza alipanda kwenda ghorofa ya tatu. Mama hakuweza kujizuia. Alimfuata nyuma, kimya, ananyata, mikono tayari kumdaka. Walipopita kwenye ile kona, Bwana Halo akasema bila kugeuka: "Mama, nakusikia unavyohema. Hizi ngazi zinakusumbua wewe." Jengo zima lilikuwa likisimulia hilo mpaka alipostaafu.

Wasikilizaji wapendwa, sitamfanya malaika. Alikuwa mkali. Alikuwa hawezi kula peremende moja akaishia hapo. Ukichelewa kikao alikuwa anakuuliza habari za njiani kwa upole ambao ulitisha kuliko matusi. Lakini alikuwa mtu wa kukosea, akakubali, akageuka. Wakubwa wa namna hiyo mnawafahamu wangapi? Hesabuni kimya kimya, msije mkapoteza kazi.

Alipigania lifti miaka na miaka. Lifti ikaja mwaka ule ule aliostaafu. Akaipanda mara moja, siku ya kuagwa, kutoka chini mpaka juu, akiwa amefumba macho kwa raha. Bwana Halo akarithi kiti chake. Ndiyo, Bwana Halo ndiye mkuu wa ajira wa sasa.

Kisha magoti ya Mama yakachoka. Miaka yake ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Na mwaka jana alihitaji kubadilishiwa kitambulisho. Vitambulisho vinatolewa ghorofa ya pili. Binti yake, yule pacha mkubwa, akampeleka. Wakafika mbele ya lifti wakakuta karatasi: samahani, lifti ni mbovu. Karatasi yenyewe ilikuwa imepauka kwa kukaa.

Mlinzi akamtambua, akaita wenzake. "Mama, tukubebe?" Akasema asante wanangu, mimi si gunia. Habari zikafika juu, na Bwana Halo akateremka mbio na fimbo yake mpaka chini.

"Mama, nimeshuka. Nipe shida yako, naimaliza hapa hapa."

Mama akamshika mkono. Binti yake anasema aliushika muda mrefu. "Mwanangu, sitaki unishukie. Wewe ulinifundisha hilo. Nataka nipande kama watu wengine. Na leo huko juu wataita jina langu, watasema sijafika. Waambie mimi nimefika. Wao ndio hawajafika."

Akaondoka. Mwezi uliofuata akaja tena. Karatasi ipo. Akakaa mbele ya lifti kidogo, akasalimiana na watu, akaondoka. Mwezi mwingine tena. Bwana Halo alikuwa anaandika kwa wanaohusika na matengenezo, na kila akiandika alijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Mara ya mwisho Mama alikuja mwezi uliopita, amevaa gauni lake la bluu. Kitambulisho hakukipata. Amefariki Jumanne na lifti bado ni mbovu.

Ijumaa tulimzika. Mkurugenzi wa zamani alikuja, sasa ni mzee, anatembea na mkongojo. Alisimama kaburini akamwamkia marehemu kwa mikono, na dada wa mihuri, ambaye alikuwa karibu yake, akashindwa kujizuia akacheka huku machozi yanamtoka. Hata siku hiyo mzee alikuwa amemwambia ana njaa.

Jumatatu asubuhi watu walipofika kazini, njia ya ngazi ilikuwa imebanwa. Kwenye kona ya kwanza, kile kibaraza kidogo, palikuwa na meza na kiti. Na kwenye kiti amekaa mkuu wa ajira wa serikali, Bwana Halo, kompyuta yake inayoongea iko mbele yake, simu iko pembeni. Wakubwa wanapita wakijibana ukutani. Samahani mkuu, samahani mkuu. Mmoja akamwuliza kwa hasira kidogo atakaa pale mpaka lini.

"Mpaka lifti ipone," akasema. "Juu nilikuwa sisikii vizuri. Hapa nasikia wote. Nawasikia wanaopanda. Na nawasikia wanaofika hapa, wakasimama, wakarudi." Simu ikalia. Akaipokea. "Halo, serikali inakusikiliza."

Leo ni Alhamisi. Kabla sijaingia studio nimepita pale. Meza bado ipo.

Kwa Baba Pacha, fundi wetu wa rangi, tunasema pole sana, mzee wetu. Tunakuombea nguvu katika nyumba ambayo sasa ina ukimya usiouzoea. Kwa pacha mkubwa na pacha mdogo, poleni wanetu. Mama yenu aliwabeba mpaka kwenye ile kona, na kutoka hapo akawabeba wengine wengi. Kwa Dada Gia, kwa dada wa mihuri, kwa bwana wa magongo, na kwako Bwana Halo, poleni kwa kufiwa na mama. Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tufikiri kidogo. Kesho utakuwa kazini kwako. Pengine wewe ndiye unayesimama mlangoni na kuita majina. Utaita, na mtu hataitika. Kabla hujageuka kusema hajafika, anayefuata, nakuomba kitu kimoja tu kwa ajili ya Mama Ngazi. Toka nje. Shuka mpaka kwenye kona. Tazama kama kuna mtu amesimama pale.